Simu haijakiua kifaa cha GPS
Mwandishi wa makala niliyosoma anasema simu zimeshaua vifaa vya GPS, vile vya kuonyesha njia vya kubandika kwenye kioo cha gari. Mimi naendesha lori Dar hadi Tunduma, changu bado ninacho. Ramani imo ndani, mahali ulipo kinapata kwa setilaiti, hivyo mtandao ukikatika porini chenyewe kinaendelea. Ila ramani isiposasishwa ni balaa! Cha zamani hakikulijua Daraja la Kigamboni lililofunguliwa 2016: niko juu ya daraja, mshale unaelea kwenye buluu ya maji, kinasisitiza nigeuze nikapande pantoni. Halafu jua likiwaka, mpira unaoshika kioo hulegea. Siku moja kiliangukia miguuni, karibu kabisa na pedeli ya breki. Sasa nimekifunga kwenye dashibodi.