Maili 141,000 na Nalala Usingizi

Jumanne gari langu limepita ukaguzi wa mwaka hapa Uingereza. Ni Lexus LS 430 ya mwaka 2004, limetembea maili 141,000, yaani kama kilomita 227,000. Karatasi ya mkaguzi ilikuwa na tahadhari moja tu: boljointi (kiungo cha gurudumu) ya chini kushoto imeanza kuchoka. Nikaipiga picha pale pale gereji, nikamtumia kaka nyumbani. Akajibu: "Kilomita zote hizo? Wamekuuzia mkweche."

Jibu hilo ndilo limeniketisha kuandika.

Nyumbani macho ya mnunuzi huanzia kwenye dashibodi. Ikisoma kilomita 68,000, moyo unatulia. Mnajua, nami najua, namba ile imerudishwa nyuma na mikono gani kabla ya kutufikia, lakini tunailipia hivyo hivyo na kumshukuru aliyetuuzia.

Hili la kwangu niliposikia linauzwa, kitu cha kwanza nilichopewa ni namba ya usajili. Hapa Uingereza gari likifikisha miaka mitatu linakaguliwa kila mwaka, na maili zake zinaandikwa siku hiyo hiyo. Rekodi za kuanzia 2005 ziko kwenye tovuti ya serikali, bure, na mtu yeyote anaweza kuzisoma. Usiku ule nilikaa na simu hadi saa sita nikiyasoma maisha ya gari nisilolijua. Mwaka 2012 lilifelishwa kwa matairi, kesho yake likarudi na mapya. Mwaka 2016 breki za nyuma. Maili zinapanda elfu saba, elfu nane kwa mwaka, hazijarudi nyuma hata mara moja. Nilipokwenda kuliona, mzee mwenye gari akanikabidhi bahasha ya risiti. Mkanda wa taimingi ulibadilishwa kwenye maili 88,000, pamoja na pampu ya maji. Kwa injini hii ya V8 ya lita 4.3, mkanda unatakiwa kubadilishwa kila maili 90,000, na ukikatika valvu zinagongana na pistoni. Kwa hiyo najua nina nafasi mpaka wapi. Kujua huko ndiko nilikolipia.

Kuna atakayesema hilo ni Lexus, lingedumu hata mikononi mwa kichaa. Haya, gari hili hili Japani liliuzwa kwa jina la Toyota Celsior. Nyumbani yapo. Hesabuni yanayotembea, kisha hesabuni yaliyowekwa juu ya mawe yakisubiri spea.

Mimi mwenyewe kabla sijaondoka nilinunua sedani ya kifahari, sitataja ya kampuni gani kwa sababu kosa halikuwa la kampuni. Dalali aliapa injini haijafunguliwa. Mwezi wa nne tangu ninunue, gia zikaanza kuteleza. Fundi alipoingia kazini akakuta thamosteti, kidhibiti joto cha injini, imetolewa zamani, rejeta imejaa maji ya bomba yenye kutu, na gia boksi imetiwa oili isiyo yake. Akiba yangu ya miaka miwili iliishia pale. Sijasahau, na sijasamehe.

Mwingine atasema, "Ulaya imekulevya." Hapana, ndugu yangu. Barabara nakubali: mashimo yanaua bushi na shokapu, na mwenye springi za hewa nyumbani namwonea huruma ya kweli. Lakini shimo halirudishi kilomita. Shimo halitoi thamosteti.

Na msidhani nawasifu mafundi wa huku. Taa ikiwaka wanachomeka kompyuta, kompyuta inasema badilisha, wanabadilisha. Gharama ikizidi thamani ya gari, linapelekwa kupondwa vyuma. Nimeona sedani zinapelekwa huko kwa gia boksi ambayo fundi wetu angeishusha asubuhi, akaifungua juu ya turubai, na jioni gari likaondoka. Yule fundi wa nyumbani aliyeokoa sedani yangu hakuwa na kompyuta. Alisikiliza, akaweka kiganja kwenye injini, akataja ugonjwa. Watu wa namna hiyo tunao, na ndiyo maana nakasirika. Tunawapa magari yaliyokwishadanganywa, halafu tunawalaumu wao yakifa.

Wala msiniambie teknolojia hatuna. Gari likitoka Japani kwa kawaida linakuja na cheti cha usafirishaji, na kilomita zimeandikwa humo. Ukweli unavuka bahari pamoja na gari mpaka bandarini. Baada ya hapo karatasi inakwenda wapi? Nani kati yetu aliwahi kuidai? Tunakagua redio, tunakagua viti vya ngozi, tunapiga picha rimu. Daftari la sevisi la dakika tano kila mara unapomwaga oili, hatuandiki, kwa sababu siku ya kuuza tungelazimika kulionyesha.

Kaka, najua utasoma hapa, na najua utasema nimekuanika. Wewe ndiye uliyenitumia picha za lile gari jeupe Jumatano, dashibodi inasoma 71,000, ukataka nikuongezee hela. Nitakuongezea. Nilikuomba jambo moja tu, mwambie muuzaji akutumie picha ya cheti cha Japani. Leo ni siku ya tatu, na alichokutumia ni video ya injini ikinguruma.