Kiti cha Dirishani, Bahari Haionekani
Hivi nani aliamua kwamba basi la kutembeza watu pwani libandikwe tangazo hadi kwenye vioo? Tumeamka alfajiri, watoto wamegombania kiti cha dirishani mpaka mmoja akalia, halafu aliyeshinda anatazama bahari kupitia ile stika yenye vitundu vidogovidogo kama chujio la chai. Kwa nje linapendeza, sikatai. Kwa ndani, maji ya buluu yamegeuka kijivu, na kila nikipiga picha simu inang'ang'ania vitundu, mawimbi yanabaki ukungu.

Mke wangu alikaa upande wa pili. Kioo safi kabisa, ila huko ni mwamba mtupu. "Tulia, wakati wa kurudi bahari itakuwa upande wangu," akaniambia. Kurudi tukapitishwa barabara ya ndani.

Na kile kituo cha kupiga picha, dakika kumi. Kumi! Nane ziliishia kwenye foleni ya choo na kitinda mimba wetu, ambaye alipotoka tu akauliza, "Baba, bahari iko wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole. Honi ikalia.