Shetani Hakujenga Daraja la Pont-Saint-Martin

Kwenye mji wa Pont-Saint-Martin, Bonde la Aosta, kaskazini magharibi mwa Italia, mto Lys unateremka kwa kasi kutoka milimani, na juu yake limekaa tao moja la mawe linaloruka zaidi ya mita 30. Warumi walilijenga karne ya 1 kabla ya Kristo kwa ajili ya barabara ya kutoka Eporedia, yaani Ivrea ya leo, kwenda Augusta Praetoria, ambayo ndiyo Aosta, na kuendelea hadi Galia, takriban Ufaransa ya leo.

Wenyeji wana habari nyingine. Mafuriko yalizoa daraja, Mtakatifu Martin, askofu wa Tours huko Ufaransa, akakwama akitoka Roma. Shetani akamjia: nitakujengea jipya kwa usiku mmoja, nawe unilipe roho ya kwanza itakayovuka. Kulipopambazuka askofu akarusha mkate ng'ambo, mbwa mwenye njaa akaufuata mbio, na Ibilisi akaambulia mbwa. Hadi leo kanivali ya mji huo huishia kwa sanamu ya shetani kuchomwa moto chini ya tao.

Hadithi tamu, ila Martin alifariki mwaka 397. Mkandarasi wetu mwenye pembe alichelewa kama karne nne.

Mimi shetani hanisumbui. Kinachonisumbua ni ule usiku mmoja. Tao la mawe halisimami hata dakika moja mpaka likamilike. Kwanza husimamishwa kiunzi cha mbao chenye umbo la nusu duara, kilichokaa juu ya kabari. Mawe yaliyochongwa, mapana juu na membamba chini, hupangwa juu yake kuanzia kingo zote mbili kwa pamoja. Ukitangulia upande mmoja, uzito unakipinda kiunzi na umbo linaharibika. Mwisho huingizwa jiwe la katikati linalofunga tao, na hapo ndipo mawe yanaanza kusukumana na kushikana.

Kisha inakuja saa ambayo naamini ndiyo iliyomzaa shetani: kutoa kiunzi. Kabari hugongwa kidogo kidogo, kulia na kushoto kwa zamu, tao lishuke taratibu hadi lijibebe. Ukizitoa kwa pupa, au chokaa ikiwa bado mbichi, kilele kinazama na nyufa zinafunguka upande wa chini. Kingo nazo zisipoegemea mwamba, msukumo wa tao unazitanua na kazi yote inaishia mtoni. Mtu aliyetazama hayo kwa mbali asingekosa la kusimulia.

Hata lile gharika la kwenye hadithi lina ukweli wake. Mto wa milimani hulivunja daraja kwa kuchimba chini ya nguzo zake. Tao moja lisilo na nguzo majini linaunyima mto mahali pa kuchimba.

Kule Alcántara, Hispania, juu ya mto Tagus, hakuna haja ya kumtafuta fundi. Gaius Julius Lacer aliandikwa jina kwenye hekalu dogo kando ya daraja lake la matao sita, la zama za Trajan, mfalme wa Roma, mwanzoni mwa karne ya 2. Mawe yake ya matale yalipangwa bila chokaa. Waliolivunja ni majeshi, mwaka 1760 na tena 1809, mto haukuliweza. Na jina Alcántara ni la Kiarabu, al-qantara, yaani daraja, neno lile lile lililotuachia kantara kwenye Kiswahili cha zamani.

Ukifika Pont-Saint-Martin, usiridhike na picha ya juu ya daraja. Teremka ulitazame tao kwa chini, kisha nenda Donnas, mji wa jirani, ambako barabara ile ile ilichongwa ndani ya mwamba. Magurudumu ya mikokoteni yameacha mifereji kwenye jiwe, na pembeni imesimama alama ya maili: XXXVI, thelathini na sita hadi Aosta.