Rabi akishuka mimbarini, gharama zinabaki na nani?

Asubuhi ya Yom Kippur, Siku ya Upatanisho, waumini wa Kiyahudi wamo sinagogini na midomo mikavu. Hawajala wala kunywa tangu jana jioni. Katika hali hiyo husomwa Isaya 58, ambamo nabii anawageukia wafungaji hao hao: mnafunga, huku mnawaonea vibarua wenu. Saumu niitakayo ni kuwaacha huru walioonewa na kumgawia mwenye njaa chakula chako. Anayemwambia rabi, kiongozi wao wa dini, "hubiri dini, siasa waachie wenyewe" itambidi amnyamazishe Isaya kwanza.

Hata hivyo, wanaozihofia siasa za mimbarini wana hoja. Tarehe 4 Januari 1861, Marekani ikielekea kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, Rabi Morris Raphall wa New York alihubiri kwamba Biblia haikuuharamisha utumwa; si Ibrahimu, Isaka na Yakobo walikuwa na watumwa? Kweli, aliwakosoa pia watu wa majimbo ya Kusini, yaliyoshikilia utumwa, kwa kumfanya mtumwa kitu badala ya mtu, lakini watetezi wa utumwa walichukua kilichowafaa. Kule Baltimore, mji ambako utumwa uliruhusiwa, Rabi David Einhorn alimjibu kwa ukali. Aprili mwaka huo ghasia zilipozuka mjini humo, ikambidi akimbilie Philadelphia.

Torati moja, wasomi wawili. Kumbe rabi akisema "Mungu asema", msikilizaji ana haki ya kuuliza ni Mungu au ni rabi. Hoja hiyo naikubali, ila sioni dawa yake ikiwa ni kimya. Aliyempinga Raphall hakunyamaza. Alipanda mimbari yake.

Kinachonisumbua zaidi ni gharama. Mei 1963, polisi wa Birmingham, Alabama, wakiwashambulia watoto weusi walioandamana kupinga ubaguzi wa rangi kwa mbwa na mabomba ya maji, marabi 19 walitoka mkutanoni kwao kaskazini wakapanda ndege kwenda kuwaunga mkono. Wayahudi wa mji huo hawakuwapokea kwa shangwe. Mwaka 1958 baruti ilikutwa kwenye sinagogi lao moja. Utambi ulizimika kabla moto haujafika. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema Waswahili. Wao waliona hapa ni mgeni njoo, mwenyeji aumie.

Rabi wa hapo hapo, Milton Grafman, Aprili hiyo ya 1963 alikuwa mmoja wa viongozi 8 wa dini waliotia saini barua ya kuwasihi weusi wa Birmingham wasiyaunge mkono maandamano. Martin Luther King, kiongozi wa maandamano hayo, aliwajibu akiwa mahabusu: hilo neno "subiri" karibu siku zote limemaanisha "kamwe". Jibu zito, na la haki. Lakini namwelewa Grafman kuliko ninavyopenda kukiri. Wale 19 walikuwa na tiketi za kurudi. Yeye alikuwa na watu wa kuwaozesha na kuwazika.

Sasa, mwenyeji mwingine alikuwepo. Jacob Rothschild, rabi wa sinagogi liitwalo The Temple mjini Atlanta, alihubiri dhidi ya ubaguzi wa rangi tangu miaka ya 1940, bila mgeni wa kumsukuma. Baadhi ya waumini walihofia atawaponza. Jumapili ya 12 Oktoba 1958, yapata saa tisa na nusu usiku, baruti ilibomoa ukuta wa pembeni wa jengo. Saa chache baadaye watoto wangeingia kwa masomo ya dini. Hakuna aliyeumia, na hakuna aliyepatikana na hatia. Walioogopa, basi, hawakuota ndoto.

Ijumaa iliyofuata watu walifurika. Rothschild aliyapa mahubiri yake kichwa kutoka Mika 4: "Wala hapana mtu atakayewatia hofu." Januari 1965 alikuwa miongoni mwa waandaaji wa karamu ambayo Waatlanta weusi na weupe walikaa meza moja kumpongeza King kwa Tuzo ya Nobel. Alifariki mwaka 1973, akiwa bado rabi wa waumini wale wale.