Beseni la Meno

Kwenye makao yetu ya wazee, meno ya bandia hulala kila mtu na yake. Jioni yanatolewa, yanapigwa mswaki, yanalowekwa kwenye kikopo chenye mfuniko na jina la mwenyewe, kikopo kinabaki kando ya kitanda. Kijana mgeni wa zamu ya usiku, bidii tele, uzoefu haba, akaona huko ni kupoteza muda. Akapita chumba hadi chumba, akayakusanya yote, akayamwaga kwenye beseni moja, akatia maji na vidonge viwili vya kusafishia.

Asubuhi nikakuta beseni zima linanicheka.

"Dada, nimeshakumalizia kazi!"

Vidonge viwili! Kidonge kimoja ni cha glasi moja ya maji ya uvuguvugu. Ndani ya beseni kinatoa povu la kujionyesha tu. Tena kidonge hakichukui nafasi ya mswaki. Utando na mabaki ya chakula yanatoka kwa brashi laini na sabuni isiyo kali. Dawa ya meno ya kawaida haifai, ina chembe zinazokwaruza plastiki, na kwenye mikwaruzo ndiko fangasi wanakojificha. Afadhali hakuchemsha maji. Maji ya moto yanapindisha meno, na yakishapinda hayamkai mwenyewe wala jirani yake.

Wazee walikuwa wameshaketi mezani, midomo imeingia ndani, macho kwenye beseni.

Nikavaa glovu, nikatandika taulo ndani ya sinki na kulijaza maji nusu, ili yakiponyoka yasivunjike. Ya juu upande huu, yana bamba pana la kufunika kaakaa; ya chini upande ule, ni upinde mtupu wenye nafasi ya ulimi. Yenye vishikizo vya chuma yalikuwa matatu, na faili zinaonyesha nani ana pengo wapi, kwa hiyo hayo yalipata wenyewe upesi. Kwenye mengine majina yalikuwa yameandikwa kwa kalamu juu juu, bila kupakwa vanishi ya kuyakinga, mswaki ukayafuta zamani. Ikabaki kazi ya upelelezi: haya yana weusi wa tumbaku, haya yamelika upande wa kushoto tu.

Kujaribishana nilikataza kabisa, maana meno ya mwenye fangasi yakipita vinywa vinne yanagawa fangasi kote. Nikageuka kuchukua faili moja, nyuma yangu nikasikia "kwap!" Babu mmoja kajihudumia.

Akajaribu kusema "habari za asubuhi", ikatoka filimbi. Hakujali.

"Mjukuu wangu, haya yanabana kuliko yangu. Niachie."

"Babu, hayo si yako."

"Si yako kinywani mwangu?"

Bibi wa meza ya pili akaweka miwani sawa. "Hebu mwambieni acheke."

Babu, kwa maringo, akacheka. Jino la dhahabu likamulika hadi jikoni.

"Mwiji! Jahabu yangu hiyo!"

Babu akafunga mdomo. Kijana akataka kuingiza kidole, nikamdaka mkono. Mtu aliyegoma hatiwi kidole kati ya meno, utaondoka na vinne. Na kuvuta tu hakusaidii, kwa sababu meno ya juu yamejinyonya kwenye kaakaa. Mpaka hewa ipenye. Unampa mtu funda la maji, unamwomba avimbishe mashavu huku midomo imefungwa. Yakikataa, unashika meno ya mbele kwa shashi na kuyatikisa polepole mpaka yaachie. Funda la maji Babu alilikubali. Bibi naye akainuka, mkongojo mkononi. Babu akavimba mashavu kwa woga, meno yakaachia, yakatumbukia kwenye kikombe chake cha chai.

Bibi akanyoosha mkono ayavae hapo hapo. Bado, Bibi! Yapigwe mswaki upya, yalowekwe kwenye kikopo chake muda ulioandikwa kwenye pakiti, kisha yasuuzwe vizuri, dawa ile si ya kumeza. Wakati tunasubiri nikamsafisha ufizi na ulimi kwa mswaki laini, nikaangalia kama kuna wekundu au kidonda pale bamba linapokaa. Ufizi ulikuwa mzima. Hasira ndizo zilikuwa zimevimba.

Kufikia saa nne kila mzee alikuwa na yake. Lakini chini ya beseni yalibaki meno ya juu na ya chini, safi, seti kamili, na faili zimekwisha. Tukahesabu wazee, tukahesabu vikopo. Nikamuuliza kijana aliyatoa wapi.

"Kwenye glasi, bafu la karibu na geti."

Bafu hilo wazee hawaliendi.

Mlango ukagongwa taratibu. Mlinzi wa usiku, kiganja mdomoni, alikuwa bado hajaondoka kwenda nyumbani.

"Jamani, kuna aliyeona glaji yangu?"