Mwacheni nesi amkohoze mgonjwa

Nimetoka wodini kumuona mjomba, kafanyiwa operesheni ya tumbo, utumbo ulijisokota, na nimerudi nimevimba kwa hasira. Sio kwa mjomba, yeye anaendelea vizuri, ni mama wadogo zangu walioshuka kutoka Newala. Nesi kaja, kamkalisha kitako, kamwambia vuta pumzi ndefu baba, haya kohoa. Weee! "We binti unataka mshono ufumuke?" Mwingine akadakia eti manesi wa siku hizi hawana huruma. Binti wa watu kanywea kaenda zake, mjomba akalazwa chali, wote wakaridhika.

Mama mdogo, shikamoo, lakini hapo hujamuonea huruma mtu.

Nusu kaputi sio usingizi wa kwenye mkeka. Ndani ya njia ya hewa kuna vinywele vidogo mno, vinapiga zaidi ya mara 10 kwa sekunde, vinapandisha makohozi na vumbi kwenda kooni taratibu, usiku na mchana, kama vibarua wa bandarini msimu wa korosho. Sasa mtu akilazwa mezani, gesi ya usingizi kama halothani inavipunguzia kasi, hewa ya mtungi ni kavu inakausha ute, na ule mpira wa kupumulia unaopitishwa kooni una kiputo chake cha hewa kinachoziba njia kwa hiyo hata makohozi yanayopanda yanagota hapo. Halafu ndio zinakuja dawa kali za maumivu, morfini, pethidini na fentanili. Hizi kosa lao kubwa ni kwenye ubongo, zinazima ile amri ya kukohoa na kufanya pumzi iwe fupi na ya uvivu. Yaani njia zote mbili za kusafisha kifua zimefungwa kwa mpigo, makohozi yanakaa, yanaziba vijia vidogo, kipande cha pafu kinasinyaa, na wadudu wakishaingia hapo ni nimonia. Ndugu wanasema "operesheni ilienda vizuri, sijui kilichomuua nini."

Haya, nakubali, morfini inaleta hilo tatizo. Lakini msinijie na ile ya "asichomwe atakuwa teja", maana mtu aliyepasuliwa tumbo asipotulizwa maumivu hakohoi kabisa, anapumua juujuu kama anaiba hewa. Kinachotakiwa ni kipimo sahihi na macho ya kumuangalia, na hiyo ni kazi ya wenye taaluma, sio ya kikao cha familia pembeni ya kitanda.

Na mshono haufumuki hovyo kwa kukohoa, mpe mto mdogo au khanga iliyokunjwa aikumbatie juu ya kidonda, akohoe. Akalishwe, ageuzwe, wakimruhusu atembezwe hata mpaka mlangoni. Uji wenu wa kwenye chupa anywe pale watakaposema anywe.

Nyie wa Tandahimba na Masasi mnaopulizia mikorosho salfa bila kujifunga hata kitambaa puani, mkienda kupasuliwa semeni kama mna kifua. Na wavutaji, moshi unavilemaza vile vinywele kabla hata hujafika hospitali, kwa hiyo acheni wiki kadhaa kabla kama operesheni sio ya dharura, na ukiulizwa kama unavuta sema unavuta, yule mtaalamu wa usingizi sio mama mkwe wako.