Kuondoka na marehemu si kumuua

"Si ndiye aliyeondoka naye?" Swali hili halikosekani msibani. Nimelisikia Kibosho, nimelisikia Arusha mjini, likiulizwa kana kwamba hukumu imeshasomwa.

Mahakamani lina kanuni yake: mtu wa mwisho kuonekana na marehemu. Asipotoa maelezo ya kuridhisha, anaweza kuhesabiwa kuwa ndiye muuaji. Ni tawi la ushahidi wa kimazingira. Hakuna aliyeona panga likishuka, ila mambo yanayozunguka kifo yanamnyooshea mtu kidole.

Wanaoitetea kanuni hii wana hoja nzito. Wauaji wengi hungoja giza, na tukidai shahidi wa macho kila mara, wengi watarudi nyumbani wakicheka. Tena shahidi wa macho huhongwa, hutishwa, hufananisha sura usiku. Alama ya kidole haihongeki. Mwaka 1958, katika kesi ya Simoni Musoke, iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka sharti: ili mtu atiwe hatiani, mambo hayo ya kimazingira yasipatane kabisa na kutokuwa na hatia, wala yasielezeke kwa namna nyingine ya kuingia akilini.

Sasa chukua mfano wa Uru, huko Moshi vijijini. Wanaume wawili wanatoka kilabu cha mbege saa tatu usiku. Alfajiri mmoja anakutwa amekufa kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani, kando ya mfereji, na jeraha la panga. Kwa mwenzake linapatikana panga lenye madoa ya kahawia. Kijiji kimeshamaliza kesi. Lakini aliyewahi kukata mkungu wa ndizi anaujua utomvu wa mgomba: ukikauka huacha doa la kahawia, na kwenye shati hautoki hata ufue vipi. Mpaka Mkemia Mkuu wa Serikali aseme ni damu, tena ya nani, lile ni panga la mkulima tu. Na tangu saa tatu hadi alfajiri, wangapi wamepita njia ile?

Hapa ndipo ninapoogopa. "Tueleze" hugeuka taratibu kuwa "thibitisha hukuua", wakati mzigo wa kuthibitisha pasipo shaka ni wa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeshasema mtu hatiwi hatiani kwa sababu utetezi wake haukuaminika, bali kwa nguvu ya ushahidi wa mashtaka. Mtu hudanganya kwa kuwaogopa polisi, au kwa sababu usiku ule alikuwa kwa hawara. Wakiingia wawili chumba cha gesti, akatoka mmoja, hapo ni haki aeleze, na kimya chake kina uzito. Uru si chumba cha gesti.

Siwabezi ndugu wa marehemu, wanangoja miaka. Ila uchambuzi wa makini unawezekana. Mwaka 2018 Mahakama Kuu Moshi, katika kesi ya mfanyabiashara wa tanzanite aliyepigwa risasi Hai mwaka 2013, iliwahukumu watano kunyongwa na kuwaachia wawili. Kesi moja, ila kila mshtakiwa na mzani wake.

Kwa mauaji ya kukusudia, Kanuni ya Adhabu imemwachia jaji adhabu moja tu: kifo. Mwaka 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ilisema ulazima huo unakiuka haki ya kuishi. Ndiyo maana nataka doa la panga lipimwe kwanza, kabla mkulima hajaulizwa kwa nini alirudi nyumbani peke yake.